Saa moja ya mwanao imepotelea wapi? Mwongozo kamili wa kumrudisha mtoto mchezoni

Mwaka jana tulienda kwa wifi yangu anaishi ghorofa ya tatu, lifti mbovu, tukapanda ngazi. Mwanangu wa kati ana miaka 11, alifika juu akakaa chini kwenye korido anahema kama kabeba gunia la mkaa. Mi nikaanza kucheka, alafu nikaona wifi hacheki. Akaniuliza tu, huyu anachezaga saa ngapi? Nikafungua mdomo nijibu nikakosa jibu, kwasababu kweli sikuwa najua.

Haya ninayoandika hapa ndio niliyofanya toka siku ile, na ninayojua sasa. Mi sio mwalimu wa michezo wala daktari, ni mama wa watoto watatu nakaa Dar, nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba kakataza mpira getini. Kwahiyo kama unasubiri ushauri wa kumpeleka mtoto akademi ya tenisi, hapa umepotea njia.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu kiwango. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anatakiwa apate wastani wa dakika 60 kila siku za kushughulisha mwili kiasi cha kuhema, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na shughuli kali zaidi, pamoja na zile za kukaza misuli na mifupa. Dakika 60 tu. Na hazitakiwi zipatikane kwa mkupuo, hata kumi kumi zinahesabika. Ukisikia hivyo unaona mbona kidogo, mtoto gani hafikishi saa moja? Sasa kuna utafiti wa WHO ulitoka 2019, ulikusanya taarifa za wanafunzi milioni 1.6 wa miaka 11 mpaka 17 kutoka nchi 146, ukakuta kwa mwaka 2016 vijana 81 katika kila 100 hawafikishi. Korea Kusini ndio walikuwa hoi kabisa, 94 katika 100, na Bangladesh waliofanya vizuri kuliko wote bado 66 hawafikishi. Yani nchi zenye hela na zisizo na hela wote tumo humohumo, kwahiyo ile ya kujifariji kwamba watoto wa Kiafrika wanatembea sana wako fiti wenyewe, tuiache.

HATUA YA KWANZA: HESABU KABLA HUJAFOKA

Usianze kwa kununua raba wala kumwamsha mtoto Jumamosi alfajiri eti twende jogingi. Atakuchukia na wiki ijayo wewe mwenyewe hutoamka.

Chukua daftari, siku tatu za shule na siku moja ya wikendi, andika mtoto katumiaje mwili wake. Kipimo ni rahisi na hakihitaji saa ya kidijitali: akiwa anafanya kitu, muongeleshe. Kama anaongea vizuri lakini akiambiwa aimbe hawezi, hiyo ni ya wastani, inahesabika. Kama anatoa maneno mawili matatu alafu anavuta pumzi, hiyo ni kali, inahesabika zaidi. Kama anaweza kukuimbia wimbo mzima mpaka kiitikio, hiyo haimo, hata kama katoka nje.

Kazi za nyumbani zinaingia, watu wengi hawajui. Kuchota maji, kufagia uwanja, kupiga deki kwa nguvu, kufua mashuka kwa mkono, kutembea kwenda dukani kwa haraka, vyote weka. Kuosha vyombo umesimama sehemu moja hapana.

Mi nilipata dakika 14 Jumatatu, 22 Jumanne, 9 Jumatano. Tisa! Na hizo tisa ni za kukimbilia basi la shule na kufukuzana na mdogo wake sebuleni wakavunja glasi, ambapo mi mwenyewe ndio niliwagombeza wakae chini watulie. Nilipoandika hiyo kwenye daftari niliona aibu kidogo.

Ukimaliza kuandika, angalia mstari kwa mstari utaona muda umeenda wapi. Kwangu ilikuwa hivi: basi linamchukua saa 11:20 alfajiri, linamrudisha saa 11 jioni, akifika anakula, anaoga, anaanza homuweki, giza linaingia, tivii, kulala. Shuleni kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba ila kinageuka kuwa cha hesabu kila mitihani ikikaribia, na mitihani inakaribia kila siku. Mtoto alikuwa anakaa. Anakaa kwenye basi, anakaa darasani, anakaa kwenye tuisheni, anakaa mezani, alafu sisi tunamwambia mvivu.

HATUA YA PILI: HOMUWEKI IKAE GIZANI

Hii ndio hatua iliyobadilisha nyumba yangu kuliko zote, na haina gharama hata shilingi mia.

Kwetu Dar jua linazama mapema mwaka mzima, miezi mingi ikifika saa 12:45 jioni huoni mpira. Mtoto anayerudi saa 11 ana kama saa moja na nusu ya mwanga. Na sisi wazazi tunafanyaje na huo mwanga? Tunamkalisha na madaftari! Alafu likiingia giza tunamwambia haya sasa umemaliza, pumzika, anaenda kwenye tivii kwasababu nje hakuna cha kufanya tena. Yani tunatumia jua kusomea na taa kukalia makochi.

Geuza. Akifika nyumbani avue sare, anywe maji, ale kitu chepesi kama ndizi au kikombe cha uji, alafu nje. Saa 12:30 ndani, anaoga, saa 12:45 homuweki mpaka saa 1:45, chakula, saa 2:30 kitandani. Umeme ukikatika tuna taa ya kuchaji.

Baba yao alikuwa mgumu hapo, akasema huyu yupo darasa la sita mwakani la saba, unamtoa nje acheze? Tukakubaliana wiki mbili za majaribio. Ilichotokea ni kwamba homuweki iliyokuwa inachukua saa mbili na kulia juu ikawa inaisha ndani ya saa moja, kwasababu awali mtoto alikuwa anaikalia huku akili ipo dirishani. Sisemi kwa wote itakuwa hivyo. Kwetu ilikuwa hivyo na baba mtu akanyamaza.

Kitu kimoja sijakitatua: usingizi. Umri wa 5 mpaka 13 wanatakiwa walale saa 9 mpaka 11, na 14 mpaka 17 saa 8 mpaka 10. Anayelala saa 2:30 na kuamka saa 11 kasoro hafikishi tisa. Ijumaa na Jumamosi nawaacha walale mpaka wachoke wenyewe, ila basi la shule linalozunguka mji mzima alfajiri hilo ni janga linalohitaji kikao chake.

Wenye watoto wa madrasa: kama chuo ni saa 10 mpaka 12, usihangaike kubana. Mwache aende kwa miguu na wenzake, kwa haraka, dakika kumi kwenda kumi kurudi tayari una ishirini, zilizobaki zikusanye kwingine.

HATUA YA TATU: TAFUTA MWENZA, SEHEMU NA MTU MZIMA WA BENCHI

Mtoto hachezi peke yake, na ukimtoa nje peke yake atakaa kwenye ngazi aangalie wapita njia. Unahitaji vitu vitatu.

Mwenza. Nenda kaongee na majirani wawili watatu wenye watoto wa rika hilo. Mi nilipita nyumba nne, mbili wakakubali, moja mama akasema wanae hawachezi na watoto wa uswahilini (tunakaa mtaa mmoja, sijui yeye anakaa wapi kichwani). Watoto watano wanatosha kabisa kuanzisha kitu.

Sehemu. Hapa ndio kidonda. Viwanja vya wazi vimejengwa fremu za maduka, barabara za mtaa zimejaa bodaboda. Sisi tunatumia kipande cha kiwanja kisichojengwa, tuliomba kwa mwenyewe, tukafyeka, tukaokota chupa zilizovunjika na misumari, kazi ya asubuhi moja. Kama hakuna, uliza kanisani, msikitini, au shule ya msingi iliyo karibu kama wanaruhusu jioni. Ua wa nyumba wa hatua kumi kwa kumi unatosha kwa kamba na rede. Barabara inayopita magari usiitumie hata kama ina vumbi na inaonekana imetulia, mtoto akikimbilia mpira haoni kitu kingine.

Mtu wa benchi. Tumepanga zamu wazazi watano, kila mmoja na siku yake, unakaa pale na simu yako au unachambua mchele, kazi yako ni kuangalia nani kaingia nani katoka, nani anamuonea mwenzie, na kama kuna mtu mzima usiyemfahamu anazoeana na watoto. Bila hii zamu wasichana hawaruhusiwi kutoka, nilikuja kugundua baadae, na nitalirudia.

HATUA YA NNE: MICHEZO IPI

Hapa nina upendeleo nasema wazi, mi nimekulia rede. Wazazi wengi wakisikia mazoezi wanawaza mpira wa miguu, chandimu mtaani. Mzuri sana, sina tatizo nao, ila angalia chandimu ya watoto ishirini na mpira mmoja: wanne wanakimbia, kumi wanapiga kelele, na yule asiyejua anapelekwa golini anasimama jioni nzima. Ukiwa na mpira basi gawa timu ndogo, nne kwa nne, magoli mawili ya ndala, bila kipa. Kila mtu anakimbia, hakuna pa kujificha.

Sasa rede. Mpira wake unatengeneza: soksi kuukuu moja, jaza mifuko ya nailoni na vipande vya nguo, kaza, ifunge mdomo, ukubwa wa chungwa, laini ili ikimpiga mtu isiumize. Wawili wanasimama mbali kama hatua kumi na tano wanarushiana, mmoja au wawili katikati wanakwepa. Enzi zetu aliyesimama katikati alikuwa na chupa ya maji ya mdomo mpana na rundo la mchanga, anatakiwa ajaze chupa huku anakwepa, ikijaa kashinda. Mwangalie huyo wa katikati kwa dakika mbili tu: anachuchumaa kuchota mchanga, anaruka, anageuka, anakimbia upande wa pili, anainama, anachota tena, macho kwenye mpira. Kuna kuchuchumaa humo zaidi ya mara thelathini na wala hajui kama anafanya mazoezi. Binti yangu mkubwa alijifunza siku moja, siku ya pili mapaja yalimuuma hata kukaa shida. Nikamwambia karibu, hayo ndio tuliyokuwa nayo mwaka 1994.

Kamba ya kuruka. Nunua kamba ya kuanikia nguo, kata: mtoto akikanyaga katikati kwa mguu mmoja, ncha mbili zifike kwapani. Anayeanza aruke dakika moja apumzike dakika moja, mara tano, aongeze taratibu. Kuruka ni moja ya vitu bora kwa mifupa, kwasababu mfupa unakomaa kwa kubeba kishindo, na utotoni na ujanani ndio mtu anajenga sehemu kubwa ya mifupa atakayoitumia mpaka uzeeni. Waruke kwenye udongo au nyasi kuliko zege.

Kombolela, haina haja ya maelezo, wote tunaijua. Nzuri kwa mchanganyiko wa umri, mdogo wa miaka 6 anaweza kumkomboa wa miaka 13, na hakuna kitu kinampa mtoto mdogo kiburi kama hicho. Weka mpaka tu wasijifiche kwenye magari, visima, karo au nyumba zinazojengwa.

Siku 3 kwa wiki hakikisha kuna kitu cha nguvu: kupanda mti (ndio, mti, simama chini uangalie), kuvutana kamba, kuning'inia kwenye bomba imara, pushapu za magoti chini kwa wanaoanza, kubebana mgongoni. Na ile imani kwamba mtoto akifanya mazoezi ya nguvu anadumaa, haina ukweli. Kinachodhuru ni mzigo mkubwa kuliko uwezo na mtu asiyejua anachomfundisha. Uzito wa mwili wake mwenyewe unamtosha kwa miaka mingi.

WADOGO CHINI YA MIAKA 5

Hawa wana kanuni zao, WHO ilizitoa 2019. Aliye chini ya mwaka mmoja asiyetambaa bado, alazwe kifudifudi akiwa macho, jumla ya dakika 30 kwa siku, kidogokidogo, wewe ukiwa hapohapo. Kuanzia mwaka 1 mpaka 4 anatakiwa ajongee jumla ya dakika 180 kwa siku, na wa miaka 3 na 4 angalau dakika 60 kati ya hizo ziwe za kuhema. Mkeka, ndoo tupu, mchanga, kuku wa kufukuza, imetosha.

Kuna jambo linatugusa sisi: wanasema mtoto asifungwe sehemu moja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, na hiyo ni pamoja na kumbeba mgongoni, sio kiti na kigari tu. Kubeba mgongoni kuzuri, mtoto anatulia, ila dada wa kazi asimfunge kanga kuanzia saa 3 mpaka saa 6 ili amalize kufua. Mshushe kila baada ya muda. Na simu: chini ya miaka 2 hapana kabisa, miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndio vizuri.

HATUA YA TANO: MABINTI

Ule utafiti wa 2019 ulikuta wavulana 78 katika 100 hawafikishi, wasichana 85. Na toka 2001 mpaka 2016 wavulana walisogea kidogo, kutoka 80 kushuka 78, wasichana palepale. Sikuhitaji utafiti kujua lakini, niliona kwangu. Kaka mtu akirudi shule anatupa begi anatoka. Dada mtu akirudi anaambiwa shika mtoto, washa jiko, kaa ndani usizurure. Na mi ndio nilikuwa nasema hayo maneno, sio mtu mwingine.

Tulichofanya: kwanza kazi zimegawanywa, wa kiume anaosha vyombo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Alilia siku mbili, akazoea. Hapo tu binti alipata siku tatu. Pili nguo. Msichana akianza kuota maziwa kukimbia kunamuuma na kunamtia aibu, watu wanamuangalia, anaacha bila kukwambia kwanini. Mnunulie sidiria ya michezo, hata ya mtumba iliyo nzima, inayobana vizuri bila kumkata pumzi, na bukta ndefu ya kuvaa ndani ya sketi. Mwenye hijabu acheze na hijabu yake, ivaliwe ile ya kuvuta kichwani isiyohitaji pini, FIFA wenyewe wanaruhusu kufunika kichwa uwanjani toka 2014, kwahiyo mwalimu anayemkataza hana pa kusimamia. Tatu hedhi: haikatazi kucheza, kuna wanaopata hata nafuu ya tumbo wakijongea, ila awe na pedi za kutosha na choo cha karibu, na siku anayosikia vibaya apumzike bila kuhojiwa. Nne, usalama, ile zamu ya benchi. Tulipoanza zamu, wasichana watatu wa mtaani ambao sikuwahi kuwaona nje wakatoka.

Msimchagulie mchezo, muulizeni. Wangu alikataa netiboli akasema anataka kucheza muziki. Anafunga mlango na wenzake wawili dakika 40 wanarudia hatua zilezile mpaka jasho linadondoka. Nikampima kwa kuongea, hawezi kumaliza sentensi. Imehesabika.

HATUA YA SITA: KIJANA MWENYE SIMU

Hapa usitumie ubabe, utashindwa. Kijana wa miaka 15 ukimwambia weka simu nenda kacheze anaona umemrudisha chekechea. Vitu viwili vimesaidia kwetu. Simu zote zinakaa kwenye bakuli juu ya friji saa 11 mpaka 12:30, na zote maana yake mpaka ya baba, mtoto akiona yako ipo mkononi mkataba umekufa siku hiyohiyo. Pili, mpe cheo. Kijana asiyetaka kucheza anaweza kuwa refa, kocha wa wadogo, mtunza kamba. Kocha wa watoto wa miaka 8 anakimbia kuliko watoto wenyewe.

Kama ana ndoto za timu ya shule, mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ni njia, ila kumbuka huko wanachukuliwa wachache wenye vipaji. Ukiacha michezo iwe ya wenye vipaji tu basi asiye na kipaji atakaa benchi toka miaka 9 mpaka anazeeka. Akitimiza 18 anahamia kanuni ya watu wazima, dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, na aliyezoea saa moja kwa siku anaiona hiyo mteremko.

NENO KUHUSU SHULE NA KICHURA

Siku moja nilimuuliza wa kati kwanini hapendi kukimbia. Akajibu, mama, kukimbia ni ya waliochelewa. Kwenye shule yake ya kwanza ukichelewa unazungushwa uwanja, ukipiga kelele unaruka kichura, ukikosa homuweki pushapu. Sasa mtoto huyo miaka minne mwili wake umefundishwa kwamba kuhema ni adhabu, alafu tunategemea akifika nyumbani ashangilie kukimbia? Zamani tulikuwa na mchakamchaka asubuhi, tunaimba, vumbi linatimka, hakuna aliyeona ni adhabu hata wale wa nyuma kabisa.

Kikao cha wazazi kikiitwa, nyoosha mkono useme mambo mawili tu, ukisema kumi hawakusikilizi: kipindi cha michezo kisiliwe na hesabu, na mazoezi yasitumike kama adhabu. Nenda na wazazi wenzio watatu mseme pamoja, mmoja peke yake anaonekana mkorofi. Na nyumbani pia, ukimwambia mtoto "kapige pushapu kumi kwa utundu wako" unabomoa unachojenga.

MAMBO YA AFYA USIYORUKA

Jua la Disemba mpaka Machi Dar ni kali, saa 5 mpaka saa 10 tafuteni kivuli, chezeni baada ya hapo. Maji ya kunywa kabla, katikati na baada, maji ya kawaida, zile soda za nguvu sio za watoto hata kama tangazo lina mwanamichezo.

Mwenye pumu anacheza. Aanze taratibu dakika kumi za kutembea na kukimbia polepole, dawa yake ya kuvuta iwe uwanjani mfukoni mwa mtu wa benchi na sio nyumbani kabatini, na umuulize daktari wake kama avute kabla ya kuanza. Mwenye selimundu, yani sikoseli (Tanzania tuna watoto wengi sana wanaozaliwa nayo) anacheza pia, ila kwa ushauri wa kliniki yake, maji mengi, mapumziko kila dakika chache, asicheze kwenye baridi au mvua wala jua kali, na akisema nimechoka ni nimechoka, hakuna kumwambia jikaze. Mtoto mwenye ulemavu naye yumo kwenye hizohizo dakika 60, badilisheni sheria za mchezo. Mtaani kwetu kuna mmoja anatembelea kiti cha magurudumu, kwenye rede yeye ndio mrushaji wa kudumu na mkono wake unaogopwa.

Mtoto mnene usimtaje unene wake uwanjani, wala usimwambie tunacheza ili upungue. Muanzishie vitu ambavyo mwili mkubwa una faida, kuvutana kamba, kurusha, kuogelea kama kuna bwawa lenye mwangalizi.

Na akizimia katikati ya mchezo, au akalalamika kifua kinambana au moyo unaenda mbio ovyo anapokimbia, huyo asimamishwe kucheza aende hospitali akapimwe moyo kwanza, hata kama baada ya dakika tano anasema nipo sawa. Kifundo kikiteguka: apumzishe mguu, barafu imefungwa kwenye kitambaa, aunyanyue. Asikandwe kwa maji moto siku hiyohiyo na asipelekwe kwa wa kunyoosha, akishindwa kuukanyaga kabisa apigwe picha.

HATUA YA SABA: WIKI SITA

Usitoke dakika 9 kwenda 60 kesho. Wiki ya kwanza na ya pili nililenga 20 kwa siku, jioni tu. Wiki ya tatu nikaongeza asubuhi ya Jumamosi na tukaacha kupanda bajaji kwenda sokoni, tunatembea. Wiki ya nne 40. Wiki ya tano tukaingiza siku tatu za nguvu. Ya sita nikarudia daftari siku tatu kama mwanzo: 58, 71, 35. Ile 35 mvua ilinyesha. Siku za mvua tuna ratiba ya ndani, muziki dakika 20, kamba kwenye veranda, na kupiga deki ambayo ghafla imekuwa mashindano.

Mwezi wa Ramadhani wanaofunga usiwalazimishe jioni, wapumzike, wacheze kidogo usiku baada ya futari uani penye taa. Kipindi cha mitihani usikate mchezo, punguza mpaka dakika 30 lakini usikate, kwasababu ukikata kurudi ni kazi ya mwezi.

Na utashindwa baadhi ya wiki. Mi mwezi wa nne nilishindwa kabisa, mama aliumwa nikasafiri, nikarudi nakuta watoto wamerudi kwenye makochi na bakuli la simu limewekwa maandazi. Tukaanza upya na dakika 20.

Juzi tulirudi kwa wifi. Lifti bado mbovu. Wa kati alipanda akafika juu, akashuka tena kunipokea mfuko wa viazi maana mimi ndio nilikuwa nimekaa ghorofa ya pili nahema.